Ubao wa Kasi na Raba Yake: Historia ya Raketi ya Mpira wa Meza

Raketi ya mpira wa meza ni kifaa chenye sehemu mbili ambazo umri wake haulingani. Ubao, yaani tabaka nyembamba za miti zilizogundishwa pamoja na kutiwa mpini, huweza kumtumikia mchezaji kwa miaka mingi, ilhali raba, yaani utando unaobandikwa juu ya ubao huo, mara nyingi pamoja na sponji iliyo chini yake, huchakaa katika muda wa miezi michache kwa mtu anayefanya mazoezi kila siku. Ndiyo maana uchaguzi wa raba hurudiwa tena na tena, na huwa mgumu zaidi pale mchezaji anapohamia ubao mpya wenye kasi kubwa, kwa kuwa ubao wa namna hiyo huurudisha mpira kabla mkono haujapata nafasi ya kuuongoza, na kazi yote ya kuushika na kuuzungusha mpira huangukia raba. Wapo wanaodhani kwamba tatizo hili limeletwa na mbao za kaboni za siku hizi. Kwa kweli ni la zamani kuliko mashindano ya dunia yenyewe, na sehemu kubwa ya kanuni za vifaa vya mchezo huu iliandikwa kwa sababu yake.

Mpira wa meza ulizaliwa Uingereza mwishoni mwa karne ya 19, ukichezwa juu ya meza za kulia chakula katika nyumba za watu wenye uwezo. Raketi nyingi za awali zilikuwa na mpini mrefu na uso wa ngozi nyembamba iliyowambwa kama ya ngoma, na nyingine zilikuwa ubao mtupu, au ubao uliofunikwa kwa koki au msasa. Mipira nayo ilikuwa ya koki au ya raba, yenye kudunda ovyo, hadi ilipoingia mipira ya seluloidi, yaani plastiki ya kale iliyo nyepesi na yenye mviringo sawa pande zote, ambayo Mwingereza James Gibb anatajwa kuwa aliileta kutoka Marekani mnamo mwaka 1900 au 1901. Mpira wa seluloidi uliruka vizuri mno kwa vifaa vilivyokuwapo, kwani ngozi iliyowambwa na ubao mtupu viliurusha mbali lakini havikuweza kuukamata hata kidogo, na mchezaji hakuwa na njia ya kuuzungusha ili ushuke mezani kwa wakati.

Masimulizi yaliyozoeleka katika historia ya mchezo humtaja Mwingereza E. C. Goode, ambaye mnamo mwaka 1902 alichukua kitandiko cha raba chenye vinundu, cha aina iliyowekwa juu ya kaunta za maduka ili wateja waweke sarafu zao, akakikata kwa kipimo cha raketi yake na kukibandika juu ya ubao. Hata kama baadhi ya vipengele vya kisa hicho vimeongezewa chumvi, jambo lenyewe halina shaka: ndani ya miaka michache raba yenye vinundu ilikuwa imewaondoa washindani wake wengi. Vinundu hivyo vidogo hupinda mpira unapovigusa, huuzuia kuteleza, kisha hujinyoosha, na katika kitendo hicho kinachochukua takriban sehemu moja ya elfu ya sekunde mpira hupata mzunguko. Tangu hapo kazi ziligawanyika, ubao ukiwa chanzo cha kasi na raba ikiwa chombo cha kuitawala kasi hiyo, na mgawanyo huo haujabadilika hadi leo.

Shirikisho la Kimataifa la Mpira wa Meza liliundwa mwaka 1926 kufuatia kikao kilichofanyika Berlin, na mashindano ya kwanza ya dunia yalichezwa London mwezi Desemba mwaka huohuo, chini ya uongozi wa Ivor Montagu, ambaye alibaki kuwa rais wa shirikisho hadi mwaka 1967. Kipindi kilichofuata huitwa zama za raba ngumu, kwa sababu raba ya vinundu ilibandikwa moja kwa moja juu ya mti bila sponji. Mhungaria Viktor Barna alitwaa ubingwa wa dunia wa mchezaji mmojammoja mara 5 kati ya mwaka 1930 na 1935, akionyesha kwamba kifaa hicho kiliweza kushambulia, lakini raba ngumu ilimpendelea zaidi mchezaji wa kujihami. Mkato, yaani pigo linaloupa mpira mzunguko wa kurudi nyuma, ulitoka vizuri kwenye vinundu, na mshambuliaji hakuwa na silaha ya kuuvunja. Matokeo yalionekana wazi Prague mwaka 1936, pale pointi moja kati ya Alojzy Ehrlich wa Poland na Farkas Paneth wa Romania ilipodumu zaidi ya saa mbili, na mwaka uliofuata, huko Baden nchini Austria, fainali ya wanawake iliachwa bila bingwa kwa kuwa muda uliowekwa ulikwisha kabla mshindi hajapatikana. Wavu ulishushwa hadi sentimita 15.25, na muda wa mechi ukawekewa mipaka. Kujihami, hata hivyo, kuliendelea kulipa: Richard Bergmann, mmoja wa walinzi hodari kuliko wote waliopata kucheza, alitwaa ubingwa Cairo mwaka 1939, mashindano ya kwanza ya dunia ya mchezo huu kufanyika katika ardhi ya Afrika, na ya pekee hadi yalipochezwa Durban mwaka 2023.

Mabadiliko makubwa kuliko yote yalitoka Japani. Katika mashindano ya dunia ya mwaka 1952 yaliyofanyika Bombay, Hiroji Satoh, ambaye hakuwa akihesabiwa miongoni mwa wachezaji wa kutisha, alifika na raketi iliyobandikwa sponji nene isiyo na raba ya vinundu juu yake, akawashinda mabingwa wa Ulaya mmoja baada ya mwingine, na katika fainali akamshinda József Kóczián wa Hungaria. Kilichowachanganya wapinzani wake hakikuwa kasi pekee, bali pia ukimya. Raba ngumu hugonga mpira kwa mlio mkavu, na wachezaji wa zama zile walikuwa wamejizoeza, pengine bila kujua, kuupima uzito wa pigo kwa sikio kabla ya kuuona mpira ukivuka wavu. Sponji ilimeza mlio huo. Mpira ulizama ndani yake, ukabanwa, kisha ukarushwa kwa nguvu ambayo mkono wa mpigaji haukuionyesha, na walinzi waliokuwa wakirudisha kila kitu wakajikuta wamechelewa. Ichiro Ogimura aliithibitisha njia hiyo kwa kutwaa ubingwa London mwaka 1954, na baadaye yeye mwenyewe akawa rais wa shirikisho la kimataifa, kuanzia mwaka 1987 hadi 1994.

Mjadala juu ya sponji ulidumu miaka saba, na ulikuwa mkali. Upande mmoja ulisema kwamba sponji inaua ustadi, upande wa pili ukasema kwamba ustadi wenyewe umekua, na kwamba hakuna sababu ya kuufunga mchezo katika vifaa vya baba zao. Suluhisho la mwaka 1959 lilikuwa la busara, na huenda ndilo uamuzi muhimu kuliko wote katika historia ya kifaa hiki. Sponji tupu ilipigwa marufuku. Raba ya vinundu bila sponji iliruhusiwa ikiwa unene wake, pamoja na gundi, hauzidi milimita 2. Na raba ya tabaka mbili, yaani sponji chini na utando wa vinundu juu, iliruhusiwa ikiwa unene wote hauzidi milimita 4, vinundu vikiwa vimeelekezwa nje au vimegeuzwa ndani. Raba iliyogeuzwa, ambayo upande wake laini ndio unaoupiga mpira, ndiyo iliyokuja kutawala, kwani utando laini hugusa eneo kubwa zaidi la mpira na kuushika kuliko vinundu. Uzito wa uamuzi huo haupimwi kwa kile ulichokizuia. Umuhimu wake ni kwamba uliweka mpaka wa unene kisha ukawaachia mafundi uhuru wote ndani ya mpaka huo, na kwa zaidi ya miaka 60 sasa ubunifu wa viwanda umekuwa ukifanyika ndani ya milimita hizo 4.

Wajapani na Wachina waliutumia uhuru huo kwa njia tofauti. Wajapani wengi walicheza kwa mshiko wa kalamu, ambapo raketi hushikwa kati ya kidole gumba na cha shahada na upande mmoja tu ndio unaotumika, na walipendelea ubao wa kipande kimoja kinene cha mti wa hinoki, mti wa jamii ya mvinje unaoota Japani, ambao ni mwepesi, una kasi, na bado huupokea mpira kwa ulaini usiopatikana kwa urahisi kwenye miti mingine. Juu ya ubao huo walibandika raba iliyogeuzwa, na mnamo mwaka 1960 wakakuza pigo la kuinua, ambalo raketi husugua mpira kutoka chini kwenda juu na kuupa mzunguko mkali wa kwenda mbele, hivi kwamba mpira hupinda na kuzama mezani hata ukipigwa kwa nguvu. Wachina, kwa upande wao, walikuza mashambulizi ya karibu na meza kwa raba ya vinundu vifupi vilivyoelekezwa nje juu ya sponji, na kwa mtindo huo Zhuang Zedong alitwaa ubingwa wa dunia mwaka 1961, 1963 na 1965. Hapo ndipo mchezaji wa kawaida alipoanza kuuliza swali ambalo zamani halikuwapo, la ni raba ipi inayofaa ubao upi kwa mchezo wa namna gani, kwa sababu kabla ya hapo raba zote zilikuwa karibu sawa.

Viwanda vilijibu. Kampuni ya Tamasu, iliyoanzishwa na Hikosuke Tamasu mwaka 1950 huko Yanai nchini Japani na inayojulikana duniani kwa chapa ya Butterfly, ilitoa raba ya Sriver mwaka 1967, na miaka miwili baadaye kampuni ya Yasaka ikatoa Mark V. Raba hizi mbili zilijengwa kwa mchanganyiko wa mpira wa asili na wa kutengenezwa, zikaunganisha kasi na mzunguko kwa kiwango ambacho hakikuwa kimepatikana, na zikaendelea kuuzwa kwa miongo kadhaa. Ziliuzwa pia kwa unene tofauti wa sponji, na ndipo ikazoeleka kanuni ya vilabuni kwamba ubao wenye kasi huwekewa sponji nyembamba na ubao wa polepole sponji nene. Kanuni hiyo ina ukweli, lakini haitoshi. Sponji nyembamba hupunguza kasi kwa kuwa mpira huufikia ubao mapema, ila kwa sababu hiyohiyo hupunguza pia nafasi ya kuuzungusha, na mchezaji anayetegemea mzunguko huweza kupoteza zaidi ya alichokipata.

Kuhusu mbao zenyewe, msomaji wa Afrika ana sababu ya kuvutiwa. Sehemu kubwa ya mbao za raketi zinazotengenezwa Ulaya na Asia hutumia miti ya Afrika: ayous, mti mwepesi wa misitu ya Kameruni, Nigeria na Ghana, hutumiwa kama kiini, limba, unaoota kutoka Afrika Magharibi hadi bonde la Kongo na uliowahi kuwa maarufu katika biashara ya mbao za Mayombe, hutumiwa kwa tabaka za kati au za juu kwa sababu ya ulaini wake, na koto, mti mgumu zaidi wa Afrika Magharibi, hufunika nje pale fundi anapotaka kasi. Kati ya tabaka hizo, kuanzia miongo ya mwisho ya karne ya 20, ziliingizwa nyuzi za kaboni na za arileti, yaani nyuzi za kemikali zinazofyonza mtikisiko. Kanuni za kimataifa zinataka angalau asilimia 85 ya unene wa ubao iwe mti wa asili, na kila tabaka la nyuzi lisizidi asilimia 7.5 ya unene wote au milimita 0.35, kutegemea kipi ni kidogo. Kiasi hicho kinatosha kubadilisha tabia ya ubao, kwa kuwa kaboni huuzuia kupinda, hupanua eneo ambalo mpira huruka vizuri, na hufupisha muda wa mguso. Nyuzi zikiwekwa chini tu ya tabaka la nje, ubao huwa mkali hata kwa pigo dogo. Zikisogezwa karibu na kiini, pigo la taratibu hubaki na ulaini wa mti na ukali hujitokeza pale tu mchezaji anapopiga kwa nguvu.

Kabla kaboni haijaenea, kasi ilitafutwa kwenye gundi. Inaaminika kwamba katika miaka ya 1970 wachezaji wa Yugoslavia na Hungaria, Dragutin Šurbek na Tibor Klampár wakitajwa zaidi, waligundua kwamba gundi ya kuzibia mipira ya baiskeli, kwa kuwa ilikuwa na vimiminika vinavyovukiza haraka, iliifanya sponji ivimbe. Kazi yenyewe ilihitaji uvumilivu: mchezaji alibandua raba, akapaka gundi kwa brashi juu ya sponji na juu ya ubao, akasubiri ikauke, akapaka tena, mara mbili, tatu au zaidi, hadi sponji ikajikunja kama jani linaloungua, kisha akaibandika juu ya ubao kuanzia mpini, akiivingirisha kwa uangalifu ili isivutike, na kukata kingo kwa mkasi. Mvuke uliofungiwa ndani ya sponji uliivuta raba kutoka chini, nayo ikaurusha mpira kwa kasi na mlio mkali kama wa ubao mtupu, kwa saa chache tu, kabla haijanywea na kazi kuanza upya. Hungaria ilitwaa ubingwa wa timu za wanaume mwaka 1979 huko Pyongyang, na ndani ya muongo uliofuata karibu kila mshambuliaji mkubwa alikuwa akipaka gundi kabla ya mechi. Mvuke huo ulikuwa na madhara kwa afya, na kumbi za mashindano zilinuka kama karakana. Baada ya hatua za kuuzuia kidogokidogo, vimiminika hivyo vilipigwa marufuku kabisa mwaka 2008, mara tu baada ya Michezo ya Olimpiki ya Beijing. Marufuku hiyo ilistahili kuja mapema zaidi, kwa kuwa vijana wengi walikwisha kuvuta mvuke huo kwa miaka bila kuambiwa hatari yake.

Wakati huohuo mvutano mwingine ulihusu rangi. Katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 baadhi ya wachezaji, wa China hasa, walibandika upande mmoja raba yenye mzunguko mkali na upande wa pili raba isiyoshika mpira, zote za rangi moja, wakawa wanaigeuza raketi chini ya meza ili mpinzani asijue ni upande gani uliopiga. Mechi zilijaa makosa ambayo watazamaji hawakuyaelewa. Mwaka 1983 rangi mbili tofauti zilifanywa lazima, na mwaka 1986 zikawekwa kuwa nyekundu na nyeusi; tangu mwaka 2021 upande mmoja unabaki kuwa mweusi na wa pili unaweza kuwa mwekundu, wa buluu, kijani, waridi au zambarau. Matumizi ya raba mbili tofauti hayakuuawa na sheria hiyo, bali yalifanywa ya haki: Deng Yaping, mwanamke mfupi wa kimo aliyetwaa dhahabu ya Olimpiki mwaka 1992 na 1996, alitumia raba ya vinundu virefu upande wa nyuma ya mkono na kila mpinzani aliiona.

Marufuku ya gundi ilikuja wakati mpira wenyewe ulikuwa umekwisha kubadilishwa, kwani kipenyo chake kilipanuliwa kutoka milimita 38 hadi 40 mwaka 2000 ili kupunguza kasi na mzunguko, na baadaye, mwaka 2014, seluloidi ikaanza kuachwa na nafasi yake kuchukuliwa na plastiki nyingine ambayo mzunguko wake ni mdogo zaidi. Mafundi walilazimika kuirudisha nguvu iliyopotea ndani ya raba yenyewe. Kiwanda cha ESN cha Hofheim nchini Ujerumani, kinachozitengenezea raba chapa nyingi, kilikuza raba zenye mvutano wa ndani, ambazo hutoka kiwandani zikiwa tayari katika hali ambayo zamani ililetwa na gundi. Tamasu nayo ilitoa Tenergy mwaka 2008, na raba hiyo ikaenea miongoni mwa wachezaji wa juu kwa kasi isiyo na mfano. Tatizo la kuzitia raba dawa halikwisha, kwa kuwa kuna mafuta yanayoifanya sponji ivimbe bila kutoa mvuke wowote wa kupimwa, na ingawa kanuni zinakataza raba kubadilishwa kwa njia yoyote baada ya kutoka kiwandani, Mjapani Jun Mizutani alifikia hatua ya kujiondoa kwa muda katika mashindano ya kimataifa baada ya Olimpiki ya mwaka 2012 akilalamikia jambo hilo.

Mfano mzuri wa jinsi swali la ubao wa kasi linavyojibiwa katika zama hizi ni Zhang Jike wa China, bingwa wa dunia wa mwaka 2011 na 2013 na wa Olimpiki mwaka 2012. Ubao wake ulikuwa Viscaria, wenye koto nje, nyuzi za kaboni na arileti chini yake, limba, na kiini cha mti wa kiri. Ni ubao mkali. Upande wa mbele ya mkono aliubandika raba ya Kichina ya Hurricane 3, yenye unata na sponji ngumu isiyorusha mpira mpaka ipigwe kwa nguvu zote. Upande wa nyuma ya mkono, ambako mwili hauna nafasi ya kujizungusha na pigo huwa fupi, aliweka Tenergy, inayorusha yenyewe. Ugumu wa raba ya kwanza uliupunguza ukali wa ubao katika mipira midogo ya juu ya wavu, na ubao ukaipa raba hiyo kasi ambayo peke yake isingekuwa nayo. Ikumbukwe tu kwamba mchanganyiko huo ulifanywa kwa mkono wa mtu aliyefunzwa tangu utotoni, na kwamba nambari za ugumu wa sponji hazilingani kati ya nchi na nchi, hivi kwamba raba ya Kichina iliyoandikwa 40 kwa kawaida ni ngumu kuliko ya Kijerumani iliyoandikwa 45.

Kwa mchezaji wa klabu, awe wa Mombasa, Dar es Salaam au Lubumbashi, ambaye amepata ubao wake wa kwanza wa kaboni baada ya miaka ya kutumia raketi iliyobandikwa kiwandani, historia hii inaelekeza upande mmoja. Raba ngumu ya mabingwa haimfai, kwa kuwa huhitaji pigo ambalo bado hana, na raba laini ya unene wa juu kabisa yenye mvutano mkali haimfai pia, kwa kuwa huongeza kasi juu ya kasi. Inayomfaa ni raba iliyogeuzwa ya jamii ya Sriver au Mark V, yenye ulaini wa wastani na sponji ya kati ya milimita 1.7 na 2.0, iliyo na nembo ya shirikisho la kimataifa, ibandikwe kwa gundi ya maji pande zote mbili, na upande wa mbele ya mkono ndio uwe wa kwanza kuongezewa unene pale mpira unapoanza kushuka mezani bila kulazimishwa.